Pat Morita hakuwa mzee wa karate tu

Akitajwa Pat Morita, wengi wetu tuliokulia kwenye mikanda ya video humkumbuka Mzee Miyagi, yule fundi wa matengenezo katika nyumba za kupangisha aliyemfundisha kijana karate kwa kumpa kazi ya kung'arisha magari kwa nta na kupaka rangi uzio. Sifa hiyo ni haki yake, lakini kwa maoni yangu imemfunika. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya mwigizaji huyu wa Kimarekani mwenye asili ya Kijapani ni onyesho moja la dakika chache katika filamu ya The Karate Kid ya mwaka 1984, ambamo hakuna teke wala ngumi, na ambalo wakuu wa studio walitaka likatwe.

Ili kuelewa uzito wa onyesho hilo ni lazima kwanza kuyajua maisha yake. Noriyuki Morita alizaliwa tarehe 28 Juni 1932 katika mji mdogo wa Isleton, California, kwa wazazi wahamiaji kutoka Japani. Alipokuwa na umri wa miaka miwili alipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa takriban miaka tisa akawa mtoto wa hospitali, sehemu kubwa ya muda huo akiwa amefungwa plasta ngumu mwilini, huku wazazi wakiambiwa kwamba hatatembea kamwe. Alitembea. Lakini alipopona, akiwa na umri wa miaka 11, hakuwa na nyumba ya kurudi, kwa kuwa kufuatia amri ya Rais Franklin Roosevelt ya Februari 1942, serikali ilikuwa imewahamisha kwa nguvu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani kutoka majimbo ya magharibi na kuwaweka kambini, ingawa karibu theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Kwa simulizi yake mwenyewe, afisa wa FBI ndiye aliyemtoa hospitalini na kumsindikiza hadi kambi ya Gila River, katika jangwa la Arizona, walikokuwa wazazi wake. Mtoto aliyejifunza kutembea upya alianza kutembea nyuma ya seng'enge. Baadaye familia ilihamishiwa kambi ya Tule Lake, na huko ndiko vita vilikomalizikia kwao.

Baada ya vita wazazi wake walifungua mkahawa Sacramento, na kijana akawa anawachekesha wateja. Aliajiriwa kwa miaka kadhaa, ikiwemo katika kampuni ya injini za roketi, kabla ya kuamua, akiwa tayari ni mtu mzima mwenye familia, kwamba atajipatia riziki kama mchekeshaji. Katika kumbi za usiku za miaka ya 1960 alijitangaza kwa jina lililobeba tusi ambalo Wamarekani waliwatusi nalo Wajapani. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, nami siungani nao. Alikuwa akisimama peke yake mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana na Wajapani miaka 20 tu iliyopita, na akalitamka tusi lile yeye kwanza ili wao wasipate la kumrushia.

Televisheni ilimpa nafasi ya Arnold, mwenye mgahawa katika tamthilia ya Happy Days, kuanzia mwaka 1975. Mwaka uliofuata alipewa tamthilia yake mwenyewe, Mr. T and Tina, jambo lisilo la kawaida kabisa wakati huo kwa mtu wa asili ya Asia, lakini iliondolewa hewani baada ya vipindi vitano tu.

Ndipo ikaja filamu ya Miyagi. Mtayarishaji Jerry Weintraub hakumtaka mwanzoni, kwa hoja kwamba yule ni mchekeshaji. Alipokubali hatimaye, alipendekeza kwamba jina la Noriyuki lionekane kwenye orodha ya waigizaji ili asikike kuwa Mjapani zaidi. Tafakari jambo hilo: mtu aliyezaliwa California na kuzungumza Kiingereza cha California alitakiwa avae lafudhi ya mhamiaji na jina la kigeni ndipo afungue mlango wa Hollywood. Hata karate yenyewe hakuwa ameisomea, na katika mapigano magumu nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu Fumio Demura. Alichokileta ni uigizaji, na hilo ndilo tunalolisahau tunapomsifu kana kwamba alikuwa mzee mwenye hekima aliyeokotwa mahali fulani akapigwa picha.

Katika onyesho ninalolisema, Daniel, yule kijana mwanafunzi wake, anamkuta Miyagi usiku akiwa amelewa, amevaa sare ya jeshi la Marekani, akiadhimisha peke yake siku ya ndoa yake. Anacheka, anaimba, anamlazimisha kijana anywe naye, kisha sauti inavunjika na anaanza kuyarudia maneno ya taarifa aliyoipokea vitani: matatizo ya uzazi, daktari hakuja. Kijana anamlaza kitandani na kuisoma karatasi yenyewe, ndipo tunapojua kwamba mke na mtoto mchanga walifia katika kambi ya Manzanar, mojawapo ya kambi zile za Wamarekani wa asili ya Kijapani, wakati Miyagi akiwa Ulaya na Kikosi cha 442, kilichoundwa na Wamarekani wa asili ya Kijapani. Morita hakulia kwa fujo. Aliupitisha ulevi kutoka kwenye uchangamfu hadi kwenye msiba bila kuonyesha mahali pa kuungia, na sidhani kama mwigizaji asiyezijua kambi zile angeweza kufanya hivyo. Studio iliona kwamba kipande hicho kinapunguza kasi ya hadithi. Mwongozaji John G. Avildsen alikibakiza.

Kwa kazi hiyo Morita aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora msaidizi. Tuzo ilikwenda kwa Haing S. Ngor, daktari wa Kambodia aliyenusurika utawala wa Khmer Rouge uliokuwa ukiwaua wasomi, ambaye mke wake halisi alifariki katika uzazi chini ya utawala huo, huku yeye akilazimika kuficha udaktari wake ili wasiuawe. Sioni kwamba Morita alidhulumiwa usiku ule. Ninachosikitikia ni yaliyofuata, kwani baada ya uteuzi huo Hollywood haikumpa tena nafasi yenye kina kama ile, bali ilimrudisha kwa Miyagi mara tatu zaidi na kumjazia katikati filamu ndogondogo zisizomstahili. Ulevi, ambao aliuigiza vizuri kiasi kile, ulimsumbua hadi alipofariki Las Vegas tarehe 24 Novemba 2005.

Filamu ya mwisho kati ya hizo nne, ya mwaka 1994, ni dhaifu, lakini inaanza kwa sherehe ya kuwaenzi askari wa Kikosi cha 442, na anayeonekana humo kwa jina lake halisi ni Seneta Daniel Inouye, aliyepoteza mkono wa kulia akipigana Italia. Katika filamu ya kwanza Miyagi alikuwa na nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya jeshi la Marekani sandukuni mwake, wakati ambapo katika uhalisia ni askari mmoja tu wa kundi hilo, Sadao Munemori, aliyekuwa ametunukiwa nishani hiyo kwa vita vile, naye alikuwa amekwisha kufa. Wenzake 20, Inouye akiwa mmoja wao, walitunukiwa mwezi Juni 2000, miaka 16 baada ya Miyagi.