Usilitoboe Gitaa Kifuani

Gitaa langu la umeme, la tumbo wazi, yaani lenye uwazi ndani, lina matundu mawili kifuani ambayo halikutoka nayo kiwandani. Yalitobolewa hapa Nairobi, katikati ya jiji, na fundi niliyemwachia asubuhi nikaenda zangu kazini. Jioni nilikuta mkia wa vibrato, yaani kishikio cha nyuzi chenye springi na mkono wa kutikisia sauti, umeshakaa, unang'aa, nikalipa kwa furaha. Miezi michache baadaye skrubu zikaanza kucheza. Ubao wa juu wa gitaa kama hili una unene wa milimita chache tu, na chini yake ni hewa. Skrubu haina pa kung'ata.

Ndiyo maana nashikilia kwamba gitaa la tumbo wazi lifungwe mkia unaoshikwa kitakoni peke yake. Pale penye kifungo cha mkanda, ndani yake kuna kipande kinene cha mbao, na ndicho kinachoweza kubeba nyuzi sita ambazo kwa pamoja huvuta zaidi ya kilo 40. Mikia ya Bigsby, iliyobuniwa na fundi wa pikipiki wa California, Paul Bigsby, ina namba zake: B6 kwa matumbo manene, B3 kwa membamba. Hizo haziingizi skrubu kifuani. Mimi niliwekewa B7, ambayo ina kijiti cha kukandamiza nyuzi na hufaa gitaa lenye gogo katikati, kama Gibson ES-335.

Kaa na fundi wako, hata kama ni siku nzima. Kabla nyuzi hazijalegezwa, zungushia utepe wa karatasi miguu ya daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi kifuani, kwa sababu daraja la gitaa hili mara nyingi halikugundishwa. Linashikiliwa na nyuzi tu, na likihama, noti za juu hazitakubaliana tena na za chini. Kisha mvute uzi wa kushonea kutoka shingoni hadi mkiani, upande wa uzi wa kwanza na upande wa sita, mwone kama mkia umekaa katikati. Msiamini macho.

Halafu kuna waya wa ethi. Katika magitaa mengi umejificha chini ya mkia wa zamani, na ukiachwa ukining'inia, amplifaya itanguruma ibada nzima. Lazima waya huo uguse chuma cha mkia mpya.

Gitaa likitoka kwenye tyuni baada ya kutikiswa, wengi hulaumu springi. Mara nyingi nyuzi zinakwama juu shingoni, kwenye vijimfereji vya kile kipande cha mfupa. Sugua humo penseli.

Wapo wanaoniambia benga haihitaji kutikiswa, kwamba solo yake ni ya kudokoa haraka. Kwa benga nakubali. Lakini kwa rumba ya polepole, kodi ya mwisho, zile noti zinazopigwa pamoja, ikipepea kidogo hivi kabla ya kuzimika, siwezi tena kuiacha. Nimeagiza B6. Yale matundu mawili nitayaziba kwa vijiti vya mbao na gundi, na safari hii nimeomba ruhusa kazini.