Kamshafti mpya, siku ya posa ya jirani

Bamdogo wangu hapa Magomeni ana Range Rover ya 1992, ile V8 (silinda nane) ya lita 3.9 ya EFI, yaani petroli inapulizwa kwa kompyuta badala ya kabureta, injini ambayo asili yake ni Buick ya Marekani, Rover wakanunua haki zake miaka ya 60. Gari likawa halina nguvu, linamisi, huko juu linagonga tak tak tak kama cherehani. Fundi akafungua, akachomoa kamshafti, ule mhimili wenye vichwa (ndo kemu) vinavyofungua valvu, akaiweka juu ya tairi: kemu mbili zimelika mpaka zimekuwa duara, ukipitisha kidole hukuti kichwa kabisa.

Hapo ndo ubishi ulipoanza. Bamdogo alishakesha na video za YouTube, anataka kamshafti ya mbio, ile gari ikisimama kwenye taa inanguruma kwa kusitasita watu wageuke. Fundi akamwambia mzee hii si ya kabureta bana, kemu ya hivyo inaacha valvu za kuingiza na za kutoa ziko wazi kwa pamoja muda mrefu, hewa inarudi ilikotoka, ile sensa ya waya wa moto inaihesabu mara mbili, kompyuta inamwaga petroli tu na sailensi, ile injini kutulia bila kukanyaga mafuta, huipati ng'o. Bamdogo hakukata tamaa, haya basi tuweke tapeti za roli, yaani vile vipande vinavyokaa juu ya kemu kusukuma valvu, ila hizi zina kigurudumu chini. Fundi akaanza kupiga hesabu, kamshafti yake ni nyingine, pushrodi nyingine, tapeti 16, alipofika kwenye jumla bamdogo akakohoa akauliza habari za mpira.

Tukabaki na kemu ya kawaida na tapeti bapa za haidroliki, mpya zote 16, maana kurudisha za zamani fundi alikataa katakata, kila tapeti imeshazoeana na kemu yake, ukizichanganya zinalana.

Sasa tapeti bapa zina sharti. Injini yenye kemu mpya ikishika tu, hakuna kuiacha sailensi, unaipandisha mpaka RPM 2,000 au 2,500 unaishikilia hapo kama dakika 20, kwa sababu kemu inapata oili inayorushwa na krenki, mhimili mkuu wa injini, huko chini, na krenki ikienda taratibu hairushi kitu, halafu tapeti lazima zizunguke zikubaliane na kemu. Roli hazina masharti hayo, lakini ndo hivyo, tuliuliza bei. Na ekzosi yenyewe iko kwa mchomeleaji, V8 inapumulia hewani.

Fundi akanikabidhi mguu wa akseleta, akapiga stata, ikashika palepale. Mungu wangu. Kuku wa mtaa mzima wakahama.

Bado tuko mwanzo mwanzo nikaona kanzu zinapanga mstari kuingia kwa jirani. Washenga! Wamekuja kuposa, wamekaa barazani, ukuta mmoja na sisi. Mzee mmoja akaja kutuonyesha mkono wa shingo, zima. Fundi akamfokea sikioni, "Haizimwi babu, kemu inaoana!" Babu akasikia neno kuoana akaitikia amina akarudi zake.

Posa ni jambo la kunong'onezana, wote tunajua. Siku ile ilinadiwa. Mshenga anapaza sauti, "TUMEKUJA KUOMBA UA!" Upande wa pili, "MUA??" Mahari ikatajwa kwa ukelele mpaka muuza madafu ng'ambo ya barabara akatikisa kichwa akasema ndogo hiyo, ongezeni. Mimi mguu uko palepale, jasho linatiririka, bamdogo anakagua geji ya temperecha na masikio yote yako ukutani.

Fundi akaangalia saa, akazungusha funguo. Kimya. Na katikati ya kile kimya mshenga, ambaye hakuna aliyempa taarifa, akamalizia kwa sauti yake yote, "...NA YULE MKE WA TANGA TALAKA YAKE IKO NJIANI!"

Aisee. Vijiko vikasimama. Shangazi wa binti akauliza taratibu kabisa, "Mke wa wapi?"

Haikupita dakika, kofia ya mshenga ikachomoza juu ya ukuta, ananiita kwa kidole. "Mwanangu, ile mashine hamwezi kuiwasha tena kidogo?"

Fundi, akiwa chini ya gari anafungua nati ya sampo, akajibu, "Bado babu, tunamwaga oili kwanza."