Mfano wa Nini?

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikaa sebuleni kwa shangazi yangu, Kirumba, Mwanza, nikimsaidia kufungua akaunti katika mojawapo ya mitandao ya kijamii isiyo na kitovu kimoja. Shangazi amekuwa akiuza dagaa katika soko la Mwaloni kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukurasa ambao yeye na wenzake walikuwa wakitangazia bei na kutafutiana magari ya mizigo ulifungwa usiku mmoja na kampuni kubwa iliyoumiliki, bila maelezo na bila mtu wa kumuuliza, ndipo nikamshauri ahamie mahali ambapo hakuna kampuni moja yenye funguo za nyumba zote. Programu niliyompakulia ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili, na nilifurahi kuiona, mpaka tulipofika hatua ya pili ambapo paliandikwa: "Chagua mfano wako." Shangazi alisogeza miwani, akasoma mara mbili, kisha akanigeukia.

"Mfano wa nini, baba?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na jambo hilo limeniuma wiki nzima. Aliyetafsiri alikutana na neno la Kiingereza, "instance", ambalo katika sentensi nyingine kweli humaanisha mfano, akaliandika na kuendelea na mstari uliofuata. Hakujiuliza kitu chenyewe ni nini, yaani sehemu moja ya mtandao yenye msimamizi wake, ambamo mtumiaji hufungua akaunti. Mama mwenye akili zake timamu, anayejua kupanga bei ya gunia kwa kutazama mwezi tu, akafanywa ajione mjinga mbele ya simu yake mwenyewe, wakati mjinga katika habari hiyo hakuwa yeye.

Hata wenye mitandao hiyo hawajawahi kukubaliana juu ya majina. Diaspora, iliyoanza mwaka 2010, iliziita sehemu zake maganda, kama maganda ya maharage. Mastodon ilipoanza mwaka 2016 ilitumia neno hilohilo lililozaa "mfano" wetu, na baadaye ikaamua kuwaambia wageni wake "seva". Lemmy, mtandao wa mijadala, huyaita makundi ya watumiaji wake jumuiya. Kbin iliyaita majarida. Ikiwa waliobuni vitu hivi wanabadilisha majina kila baada ya miaka michache, sioni kwa nini sisi tuyapokee yote kama yalivyo na kuyageuza neno kwa neno, kana kwamba hatuna maneno yetu yanayolingana na vitu hivyo.

"Seva" nalikubali kwa shingo upande, kwa sababu mafundi wamelizoea. Hata hivyo, seva ni mashine. Mashine moja inaweza kubeba sehemu kadhaa zisizohusiana, na sehemu moja yenye watu wengi inaweza kuhitaji mashine kadhaa. Vijana wanaotumia programu ya mazungumzo ya Discord nao wamefundishwa kuita seva chumba chochote kilichomo ndani ya kompyuta za kampuni ileile moja, kwa hiyo neno hilo limekwisha kupoteza maana ambayo shangazi aliihitaji zaidi, yaani kwamba mahali hapa pana mwenyewe, pana kanuni zake, na si mali ya yule aliyemfungia ukurasa.

Neno lenye maana hiyo tunalo, tunalitamka kila siku, na shangazi anafanya kazi ndani yake: mwalo, yaani mahali ufukweni ambapo mitumbwi hushusha samaki.

Ziwa letu, Victoria, ni moja, lina takribani kilomita za mraba 68,800, na nchi tatu zinaligawana, lakini hakuna mvuvi anayeshusha samaki "ziwani". Anashusha kwenye mwalo fulani wenye jina, wenye kikundi chake cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wenye mwenyekiti, daftari na taratibu zake. Mtumbwi wa Ukerewe unaweza kuja kushusha Kirumba, na mnunuzi wa Kirumba anaweza kuufuata mzigo kisiwani, bila mmoja wao kubadili kwao. Viongozi wa mwalo wana haki ya kuuzuia mtumbwi unaoingia na nyavu zilizopigwa marufuku, na uzuiaji huo hauufungi mwalo wa jirani wala haulifungi ziwa. Mitandao ninayoizungumzia imepangwa hivyohivyo. Kila sehemu ina msimamizi wake na masharti yake. Inaweza kukata mawasiliano na sehemu nyingine inayoleta matusi au utapeli. Na maji yanayoziunganisha ni kanuni inayoitwa ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ambayo huuwezesha ujumbe ulioandikwa mahali pamoja kusomeka pengine hata kama programu za pande hizo mbili hazifanani.

Hata adha ya kuhama neno hili linaieleza. Ukiwa Mastodon unaweza kuhamia sehemu nyingine na wafuasi wako wakahamishiwa huko, lakini uliyokwisha kuyaandika yanabaki ulikotoka. Anayehama mwalo anaondoka na nyavu, taa na wateja waliozoea dagaa wake. Vichanja vya kuanikia anaviacha. Nilipomwambia shangazi hivyo, hakuniuliza swali hata moja, ilhali nilikuwa nimetumia karibu nusu saa kumchorea visanduku na mishale kwenye karatasi.

Linabaki suala la makundi yenyewe, yaani pale watu wanapokusanyika kuzungumzia jambo moja. Wengi wataandika "kundi" bila kufikiri, na hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu. Kwetu kundi limekwisha kuwa kitu cha WhatsApp: mtu ana namba yako, anakuingiza bila kukuuliza, anakutoa akikasirika, na aliye nje haoni kinachosemwa ndani. Katika Lemmy mambo hayako hivyo. Mpita njia anaweza kusoma mazungumzo bila kujiunga, na aliyesajiliwa kwenye mwalo mwingine anaweza kuingia na kuchangia akiwa kwao. Kitu kama hicho Mtanzania anakiita kijiwe. Nenda kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Kirumba saa kumi na mbili jioni: muuza kahawa na birika lake juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sahani, na watu ambao hakuna aliyewaandikisha. Ukitaka unasimama pembeni unasikiliza, ukitaka unakaa kwenye benchi unachangia. Kila mmoja anajua hapa ni mpira, pale ni siasa, kule ni bei ya mafuta ya boti, na mtu yuleyule anaweza kuonekana katika vijiwe vitatu kwa siku moja. Kijiwe ni mahali, na watu hupita hapo. Kundi ni watu waliofungiwa pamoja.

Kijiwe kina jambo la pili ambalo kundi halina: kiko kwenye eneo la mtu. Anwani ya mazungumzo katika Lemmy huandikwa kwa alama ya mshangao, jina la kijiwe, alama ya @, kisha jina la mwalo kilipo. Mwalo ukizimwa, nakala za maneno ya zamani zinabaki kwenye mialo mingine, lakini yatakayoandikwa baada ya hapo hayasambai tena, kwa maana kilipoketi kijiwe hapapo. Mtumiaji anastahili kulijua jambo hilo kabla ya kujaza miaka mitano ya kazi yake humo, na jina zuri linapaswa kumwonya mapema. Shangazi na wenzake walipoteza kumbukumbu zao zote kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ule ukurasa wao ulikuwa umeketi kwenye uwanja wa mtu.

Najua yatakayosemwa. Msomaji wa Pwani ataniambia kwamba kwao panaitwa diko na kwamba mwalo ni neno la Kanda ya Ziwa. Sawa, ni neno la huku, lakini limo hata katika nyaraka za serikali za uvuvi, na sijaona mtu wa Tanga aliyeshindwa kulielewa baada ya kuelezwa mara moja. Wengine watapendekeza jumuiya; hapa Mwanza ukimwambia mtu una jumuiya leo, atakuuliza mnasali nyumbani kwa nani. Baraza limejaa mawaziri na mitihani. Ugumu ninaoukubali kweli ni kwamba kwa wazee wengi kijiwe kinanuka uvivu, na shangazi mwenyewe alikunja uso nilipolitaja. Sikumbishia. Nilimkumbusha tu kwamba habari ya kupanda kwa nauli ya malori mwezi uliopita aliipata kwenye kijiwe cha madereva.

Nimewaandikia upya karatasi ya maelekezo, yeye na wenzake kumi na wanne, na mahali pa "mfano" nimeweka "mwalo", mahali pa "kundi" nimeweka "kijiwe". Nimeituma pia kwa watafsiri wa ile programu, pamoja na maelezo ya kurasa mbili, nami nitaituma tena wasipojibu. Jumatano jioni shangazi aliisoma yote kwa sauti mbele yangu bila kukwama, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wa hesabu zake. Kisha akaniuliza ni mwalo upi kati ya ile niliyomwonyesha ambao mwenyekiti wake hupokea simu akipigiwa.