Ngome iko Migori, watoto tunawapeleka Mombasa

Mwezi uliopita kijana wangu alirudi na barua ya shule: ziara ya historia, siku nne, Mombasa, Fort Jesus. Nikaitazama ile bei mara mbili, nikaikunja nikaitia mfukoni. Sina ugomvi na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na inastahili kuonwa. Lakini yapata karne hiyohiyo, huku kwetu upande wa ziwa, watu walikuwa wakipanga mawe kuzungushia maboma yao, na barua ya kwenda Thimlich Ohinga, ngome yao ya mawe kule Migori, sijaipokea hata moja tangu nianze kulipa karo.

Basi tukaenda wenyewe. Matatu kutoka Kisumu hadi Migori, kisha boda boda na vumbi lake. Kutoka Migori mjini ni kama kilomita 46. Ngome iko mlimani, katikati ya vichaka na miti ya bondo, na jina linajieleza: kwa Kijaluo ohinga ni ngome, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha.

Kijana wangu humsaidia mjomba wake kazi ya ujenzi wakati wa likizo, kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya ni kuingiza kidole katikati ya mawe.

"Baba, simiti iko wapi?"

Haiko. Hata udongo haumo. Mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu, unene wake kati ya mita 1 na 3, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Kuna safu ya nje na safu ya ndani, na katikati kumeshindiliwa mawe madogo yanayozifunga hizo mbili zisiachane. Halafu ukuta haukunyooka, unapindapinda, na kule kupinda ndiko kunakousaidia kusimama. Fundi wangu wa choo alitumia mifuko mitano ya simiti na ukuta ukapata ufa kabla ya Krismasi.

Milango ni mifupi makusudi. Mzee aliyetutembeza alituambia tuiname, nikainama, na hapo nikaelewa: adui akiingia, kitu cha kwanza kufika ndani ni kisogo chake. Ndani ya boma kubwa, Kochieng, kuna alama za mazizi ya ng'ombe. Mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Kilichonigusa kuliko kuta ni mwamba uliotobolewa vishimo vya bao, ajua kwa Kijaluo. Watu waliokuwa wakiogopa wezi wa mifugo na wanyama wakali walipata pia jioni za kukaa chini na kuhesabu kete.

Tukiwa pale, wageni wengine walikuwa wameanza mjadala wa kikwetu: hii ni ya nani? Wanaochunguza historia ya eneo hili wanasema makundi ya Wabantu na ya Waniloti yamepishana humo kwa vizazi, kila wanaohamia wakikarabati kuta walizozikuta, hadi mahali palipohamwa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwangu huo ndio utamu wa Thimlich, kuliko hata cheo cha Urithi wa Dunia ambacho UNESCO iliipa mwaka 2018. Mtu akirudishia jiwe la mwenzake lililoanguka miaka 300 iliyopita, wewe wa leo utaligawa vipi kikabila? Maboma ya namna hii yalikuwa mengi katika ukanda huu wa ziwa, na mengi yamebaki vifusi kwa sababu hakuna aliyeendelea kurudishia.

Jumatatu nilimpigia mwalimu anayesimamia ziara. Nikamweleza yote: umbali, kuta, bao, hesabu ya nauli. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Hakuna, mwalimu. Hata maji ya kunywa tulibeba.