Sanamu Ina Cheni, Mimi Nasukuma

Nauliza kwa heshima zote: kwa nini mwendesha baiskeli wa vyuma chakavu, ambaye hajasogea hata hatua moja tangu achomelewe, ana cheni tatu, moja ikiwa mkanda wa suruali, ilhali mimi mwenye safari nasukuma baiskeli kwa kuwa yangu imekatikia miguuni pake? Nilisimama kumkagua. Mbavu zake ni spoki, magoti ni beringi, na pingili za cheni ni zile zile za milimita 12.7 kama zangu, ila zimechomelewa na spana haina la kufanya.

Mlinzi alinijia akanijulisha kwamba baiskeli haziruhusiwi kwenye sanamu ya baiskeli. Binti mmoja akaniomba nisogee, eti naharibu picha. Hayo nimeyameza.

Lakini yule mzee wa miwani! Alikuja mikono nyuma, akaipita sanamu, akaanza kuizunguka baiskeli yangu. Aliinama, akaigusa rimu kwa ncha ya kidole, akasema kwamba kutu ya namna ile haipatikani kwa siku moja. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye hadhi yake, kwamba ilipatikana kwa mvua. Akasema mvua nayo ni msanii.

"Mzee wangu, hii ni baiskeli."

"Ndivyo tunavyotakiwa kuamini," akajibu, kisha akanisomesha kwamba mwaka 1942 msanii Picasso aliunganisha tandiko na usukani wa baiskeli vikawa kichwa cha fahali. Maneno hayo aliyasema huku akilikodolea macho tandiko langu, nami nikalikalia papo hapo. Akarudi nyuma hatua moja, akafurahi: "Kumbe na mtu yumo!"

Mtu gani, jamani? Natoka jasho, nina grisi mpaka viwikoni, na bado nahesabiwa miongoni mwa chakavu!

Na huyo anayesifiwa hajui hata kupiga pedali: moja iko juu, nyingine chini, na magoti yote mawili yamenyooka. Tena madigadi yake ni ya aluminiamu, imefungwa kwa bolti za chuma. Maji ya mvua yakituama hapo, aluminiamu ndiyo italiwa kwanza. Ni kwa ajili ya usalama wa sanamu tu kwamba nilimwuliza mlinzi bolti hizo zinafunguliwa kwa spana namba ngapi.