Monita, Drya na Shemeji

Monita yangu haikufa ghafla. Ilikufa kwa mafungu, kama mtu anayelipa deni asilotaka kulipa. Mwanzoni nilikuwa nikibonyeza kitufe, kile kitaa cha buluu kinakonyeza mara mbili tatu ndipo picha inakuja. Baadaye kikawa kinakonyeza muda wa kutosha mtu kupiga mswaki. Halafu muda wa kuoga. Ikafika mahali naiwasha kabla sijavua nguo za kulala, ili nikirudi nimeshavaa shati niikute angalau imeanza kufikiria. Ikishawaka, basi, inapiga kazi hadi usiku bila kupepesa. Ndiyo maana sikuihangaikia. Kwangu mimi, kitu kinachokubali kufanya kazi baada ya kubembelezwa bado ni kizima.

Asubuhi moja ikagoma kabisa. Kitaa giza, skrini giza. Nikapitia yale ya kwanza kwanza. Soketi nikaijaribu kwa taa ya mezani, ikawaka. Kebo ya umeme nikaibadilisha na ile ya kompyuta yenyewe, maana mara nyingi zinafanana na zinaingiliana. Bado. Nikachomoa kebo ya picha, maana monita nzima ikinyimwa picha haikai kimya, huandika kwamba haipati mawimbi, au kitaa chake kigeuke rangi ya machungwa. Yangu haikulalamika hata kidogo. Mgonjwa asiyelalamika ndiye wa kuogopwa.

Hapo ndipo alipoingia shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, si fundi. Ila aliwahi kumwona fundi akifanya kazi, na tangu siku hiyo hajapumzika. Alikuwa amekuja kututembelea mwisho wa wiki. Akaizunguka monita taratibu, mikono nyuma.

"Shem, umeipiga kofi?"

"Sijaipiga."

"Sasa unategemea nini?"

Akaipiga. Haikuwaka, ila fremu ya picha ya harusi yetu iliyokuwa juu ya rafu ilianguka. Akaiokota, akaomba tochi, akaniamuru nifunge pazia. Hili la tochi lina maana yake, nisimwonee. Ikiwa kitaa cha monita kinawaka lakini skrini ni nyeusi, mulika tochi kwa pembeni, karibu na kioo. Ukiona picha yako kwa mbali, hafifu, ujue monita ni hai, iliyokufa ni taa ya nyuma inayoiangazia. Lakini yangu haikuwa na umeme wa kuwasha hata kitaa. Tulichokiona kwa tochi ni vumbi.

"Umeona?" akasema, kama mtu aliyegundua jambo. "Vumbi."

Kisha akaweka kiganja nyuma ya kava na kutoa hukumu: monita ina baridi. Kabla sijamuuliza alitaka iwe na homa au vipi, alikuwa ameshaingia chumbani kwa dada yake na kutoka na drya ya nywele. Akaipuliza ile monita kwenye matundu ya hewa, upande huu, upande ule, akiongea nayo kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia vizuri na sikutaka kuisikia. Baada ya muda akasema, "Bonyeza."

Nikabonyeza. Kitaa kikakonyeza. Kikakonyeza tena. Picha ikaja.

Alivyoshangilia, majirani walidhani kuna goli.

Na linaloniuma ni kwamba ile drya haikuwa upuuzi. Ndani ya monita kuna bodi ya umeme, na kwenye bodi hiyo kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya alumini vilivyosimama wima, vinavyolainisha umeme kabla haujafika kwenye sehemu laini. Ndani yake mna majimaji yanayoitwa elektrolaiti. Miaka inavyokwenda majimaji yanakauka, kapasita inakuwa nzito kupitisha umeme, na ikiwa baridi inakuwa nzito zaidi. Ukiipasha moto inalegea kidogo, monita inapata nguvu ya kuanza, na ikishaanza inajipasha yenyewe. Kwa hiyo shemeji alipatia bila kujua amepatia nini, na hao ndio watu wagumu kuliko wote kuishi nao.

Tukaingia kwenye utaratibu mpya. Kila asubuhi monita inapigwa drya. Kwenye mikutano ya mtandaoni wenzangu wakaanza kuuliza huo mvumo ni wa nini, nikasema upepo. Mmoja akauliza mbona upepo huwa unavuma kabla ya mkutano kuanza halafu unatulia. Mke wangu naye akawa anatoka kwenda kazini nywele zinadondosha maji, maana drya iko zamu. Alivumilia. Kisha akasimama mlangoni na kitana mkononi, akasema kwa upole ule wa hatari: "Mume wangu, chagua. Mimi au hiyo."

Kwa hiyo wikiendi iliyofuata tukaamua kuifungua. Nilitaka kuifungua peke yangu, ila shemeji alisikia.

Monita haifunguki kama redio. Kwanza unailaza kifudifudi juu ya taulo, unatoa mguu wake, na chini ya mguu ndiko skrubu zinakojificha. Ukishazitoa unadhani umemaliza, kumbe fremu ya mbele imeshikwa na meno ya plastiki pande zote, na hayo hayana skrubu wala huruma. Unapenyeza kitu chembamba kisicho cha chuma, unakisogeza, na kila jino linapoachia linatoa mlio wa kitu kilichovunjika. *Kra.* Unasimama, moyo unadunda, unakagua: hakijavunjika. Unasogea. *Kra.*

Mimi nilikuwa na kadi moja ya zamani. Shemeji akaona kasi ni ndogo, akavua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akakitoa kwenye kamba. "Hiki ni kigumu," akasema, akaanza upande wa pili. Nilimwona akikipenyeza. Nilimwona akifurahi. Kukitoa sikukuona, na nadhani hata yeye hakukuona.

Kava likaachia. Ndani kuna sanduku la bati, na chini yake bodi. Nikamwonyesha kapasita moja kubwa kuliko zote, nene, imeandikwa volti 450. "Hii usiiguse," nikamwambia. Ndiyo inayopokea umeme wa ukutani ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja. Ukutani kukiwa na volti 230, humo ndani zinakaa kama 325, na kapasita haijui kama umechomoa plagi. Inabaki nazo. Tena monita iliyoshindwa kuwaka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ule umeme haukupata kazi ya kuumaliza. Njia ya kistaarabu ni kuuondoa taratibu kwa rezista, kile kifaa kidogo kinachoupunguza umeme kasi, yenye ukubwa unaofaa, kisha upime kwa malitimita uhakikishe umeisha. Nikaenda chumbani kuchukua rezista.

*PAH!*

Nilirudi nikakuta harufu ya radi na shemeji yuko chini ya meza.

"Nimeshaumaliza," akasema kutoka huko.

Alikuwa ameziunganisha nguzo mbili kwa bisibisi yangu. Bisibisi hiyo ninayo hadi leo, ncha imeng'olewa kipande kidogo kama imeng'atwa. Mkono wake ulikuwa salama kwa sababu mpini ni wa plastiki na kwa sababu Mungu ana subira. Yeye alisema ndivyo yule fundi alivyofanya. Sikubishana, nilipima, nikakuta kweli umeisha, nikaendelea na kazi, lakini nikahamisha bisibisi zote upande wangu.

Mlipuko ule ndio uliomleta mke wangu. Akatazama bodi, akatazama kaka yake chini ya meza, akarudi kwenye bodi. Mimi nilikuwa nimeshashika malitimita, nimeanza na fyuzi, nzima, niko tayari kupima kila kitu kimoja kimoja hadi magharibi. Yeye akanyoosha kidole tu.

"Mbona hizi zimevimba?"

Tatu. Zimesimama kwenye mstari karibu na waya zinazopeleka umeme kwenye bodi ya pili. Kapasita nzima ina kichwa bapa kabisa, na juu yake kumechorwa mkato wa msalaba ili presha ikizidi ndani ipate pa kutokea. Hizi vichwa vilikuwa vimetuna kwa juu, na moja mkato wake ulikuwa umeachia, umetoa ukoko wa kahawia uliokaukia pale. Miaka ya mwanzo ya 2000 kompyuta na monita nyingi duniani zilikufa hivyo mapema mno, kwa kapasita zilizotoka kiwandani na elektrolaiti mbovu. Yangu si ya zamani hizo, haina kisingizio hicho. Imekufa kwa uzee na joto. Mafundi wana kanuni yao: joto likipungua nyuzi 10, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka maradufu. Igeuze kanuni hiyo upande wa pili, uone drya ilikuwa inafanya nini. Kila asubuhi tulikuwa tunaiamsha kwa dawa ileile inayoimaliza.

Nilimweleza shemeji. Akatafakari. "Lakini iliwaka," akasema.

Kapasita mpya nilikuwa nimenunua za kubahatisha ukubwa, na kwa bahati zilikuwemo za mikrofaradi 1000, sawa na zilizotoka. Volti zilikuwa 25 badala ya 16, na hilo halina shida. Volti zikizidi ni sawa, zikipungua ndiyo balaa. Shida ni kwamba zilikuwa ndefu. Sanduku la bati lisingefunga, nikalazimika kuzilaza ubavu. Mstari wa rangi hafifu ubavuni ndio upande wa hasi, na hapo huna ruhusa ya kukosea, kwa sababu kapasita iliyowekwa kinyume huwa haivimbi kwa miaka, hupasuka siku hiyohiyo.

Kuzing'oa zile za zamani kulinitoa jasho. Tundu la chanya risasi ya kuchomelea iliyeyuka mara moja. Tundu la hasi limeungana na shaba pana ya bodi, na shaba hiyo inanyonya moto wote. Unagusisha chuma cha kuchomelea, risasi inang'aa kidogo, unavuta kapasita, risasi inaganda tena huku inakutazama. Shemeji alikuwa mshika tochi. Kazi hiyo aliiweza vizuri, isipokuwa kila alipopata wazo alinigeukia usoni pamoja na tochi, na mawazo alikuwa nayo mengi.

Tukafunga. Meno yakarudi, *kra, kra, kra*, safari hii kwa raha. Skrubu hazikubaki, jambo lililomtia shemeji wasiwasi kwa sababu yule fundi wake alibakiza mbili. Nikachomeka, nikabonyeza kitufe, na kabla sijatoa kidole kitaa kiliwaka, kikatulia, picha ikaja. Bila kukonyeza. Bila drya. Mke wangu alichukua mali yake mezani akaondoka nayo bila kuaga.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini shemeji alitaka "kuikagua". Akabonyeza vile vitufe vya pembeni, vyote, kwa mfuatano anaoujua yeye. Menyu ikageuka Kichina. Akasogeza uso, akasoma kwa utulivu wa mtu aliyekulia huko. "Hapa inasema mwanga," akasema, akabonyeza. Maandishi fulani yakatokea katikati, yakaelea, skrini ikawa nyeusi. Nikasikia miguu ikikimbilia chumbani, na sauti ya mke wangu ikisema hapana.

Kitaa kilikuwa cha machungwa. Alikuwa ameihamishia kwenye tundu la picha lisilo na kebo, ikakosa mawimbi, ikalala. Nikabonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, picha ikarudi. Lugha sikuigusa. Menyu ni ya Kichina hadi leo, na tunaheshimiana.

Jumatatu asubuhi nikiwa katikati ya kazi, simu ikaita.

"Shem, hujaona kitambulisho changu?"

"Kipi?"

"Cha kazi. Niko hapa getini, mlinzi amekataa kuniruhusu. Ananijua! Hii kazi mimi ndiye niliyemtafutia!"

Nikaiinamisha monita kidogo mbele. Ndani kikateleza kitu, *kacha*. Nikachukua tochi, nikazunguka nyuma, nikamulika kwenye matundu ya hewa. Shemeji alikuwa ananitazama. Tai nyekundu, tabasamu la picha za ofisini, jicho moja limezibwa na kava.

"Umekiona?" akauliza.

"Nimekiona."

"Kiko wapi?"

"Kiko kazini, shem. Wewe ndiye uliyebaki nje."