Kromosomu ya Ishirini na Tatu

Kunde ina kromosomu 22, vile vijiti vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Maharage 22, mbaazi 22, choroko 22, hata njugu mawe 22. Limo vitabuni tangu sijazaliwa. Mimi asubuhi ile nilihesabu 23.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Kazi yenyewe ina upishi mwingi kuliko sayansi: unaotesha mbegu kwenye karatasi mbichi, mzizi ukifika sentimita moja na kidogo unakata ncha, unailoweka kwenye spiriti na asidi ya siki, unailainisha kwa asidi ya moto, unaitia rangi ya damu ya mzee, kisha unaibana kati ya vioo viwili na kuikandamiza kwa kidole gumba. Ukikandamiza kwa huruma, kromosomu zinabaki zimebanana kama abiria wa daladala. Ukizidisha, kioo kwisha. Wiki ile nilikuwa nimevunja 14, na wenzangu bwenini wakasema nanuka achari.

Hatimaye seli moja ikakubali. Vijiti vifupi vyekundu, vimetawanyika vizuri. Nikahesabu: 23. Nikaanzia upande wa pili: 23. Mmoja alijitenga pembeni, mweusi kuliko wenzake, tena ana ukungu. Nikajisemea, mgeni lazima aone haya.

Nikamfuata profesa mbio. "Shikamoo Prof, nimepata mche wenye kromosomu ya ziada!" Mimea ya hivyo ipo kweli, na watu wameandikia makala. Kichwani nilishachagua kitenge cha mahafali.

Akavua miwani, akainama kwenye hadubini. Kimya. Akashika lenzi ya jicho, akaizungusha taratibu.

"Binti, hebu tazama."

Zile 22 zimetulia tuli. Ya 23 inazunguka kama mshale wa saa.

"Leo umejipaka wanja?"

Nilijipaka, tena wa manga, wa unga, kwa mkono usio na ubahili. Chembe yake ndiyo ilikuwa imekaa kwenye lenzi.

Akacheka mpaka akashika meza, akanipa karatasi ya kufutia, akakimbilia kikao cha idara. Alipogeuka mlangoni ndipo nikaona: jicho la kulia limezungushiwa duara jeusi, kama bibi harusi aliyepambwa nusu. Nikafumbua mdomo. Fundi wa maabara akanikanyaga mguu.

Kikao kilichukua saa tatu.